Vyombo vya Kunyoshea Viungo, na Mgonjwa wa Nyumbani

Katika nyumba zetu za pwani, mtu akipatwa na kiharusi au akivunjika nyonga, neno la kwanza linalosemwa juu ya kitanda chake ni "Mwacheni apumzike." Lasemwa kwa mapenzi. Mkewe humlisha kwa kijiko, wanawe humgeuza ubavu, wajukuu hukatazwa kupiga makelele barazani, na kila jirani aingiaye kumtazama humwambia asijisumbue. Ikipita miezi mitatu, lile goti lililokuwa bado lakunjuka limekazana, na ule mkono uliokuwa dhaifu tu umekuwa mkavu kama kuti. Hapo watu hutikisa vichwa wakasema maradhi yamezidi. Kumbe mara nyingi yaliyozidi ni kulala.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji wetu khabari za vyombo ambavyo wanaadamu wamevibuni, khasa vya kutumiwa nyumbani, ili mtu aliyepotewa na nguvu za viungo apate kuzirudisha, zote au baadhi yake. Ni historia ndefu. Ndani yake mna matabibu wakubwa, na maseremala, na wafungwa, na raisi wa dola kubwa, na hata ngamia wa umeme. Nami nina sababu yangu mwenyewe ya kuitafuta historia hii, nayo nitaieleza tutakapoifikia.

Watu wa kale hawakuwa wajinga wa jambo hili. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliandika risala nzima juu ya mazoezi ya mpira mdogo, akausifu kwamba hauna gharama na masikini pia aweza kuwa nao. Lakini aliyelipanga jambo hili kwa utaratibu ambao sisi twaweza kuufahamu mpaka leo ni Abu Ali Ibn Sina (370–428 Hijria, yaani 980–1037). Katika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu alichokimaliza yapata mwaka 1025, ameiweka riyadha, yaani mazoezi ya mwili, katika kitabu cha kwanza kabisa, pamoja na chakula na usingizi, si pembeni kama kitu cha wapiganaji na vijana. Kwake riyadha ni harakati ya hiari inayomfanya mtu avute pumzi kubwa mfululizo. Kisha akaigawa. Kuna ya wenye nguvu, kama mieleka, kukimbia, kutupa mshale na kupanda farasi. Na kuna ya wanyonge na waliotoka katika maradhi, ambao wao wenyewe hawawezi kujisukuma, basi husukumwa: hulazwa katika susu au pembea wakabembezwa, au hutiwa katika mashua ikaenda taratibu.

Msomaji wa Lamu au Unguja akisoma hayo hucheka kidogo, maana pembea na mashua ndivyo vitu vyetu. Nyumba ngapi za kale zilikuwa na pembea ya mbao iliyoning'inizwa kwa minyororo ndani ya ukumbi! Twaiona ni pambo la bibi harusi na ya kubembelezea watoto. Tabibu wa Bukhara aliiona ni chombo cha dawa. Na wazo lake ndilo mzizi wa kila kitu tutakachokitaja hapa: kwamba mazoezi hupimwa kwa mwili wa mgonjwa, na asiyeweza kujitikisa atikiswe, mpaka aweze kujitikisa mwenyewe.

Qanun ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Mwaka 1569 tabibu wa Kitaliana aitwaye Girolamo Mercuriale alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya mazoezi, De Arte Gymnastica, aliyatenga mazoezi ya uganga na yale ya vita na ya michezo, na katika ushahidi wake walikuwamo Galen na Ibn Sina pamoja. Kwa hivyo tusidhani kuwa kumnyanyua mgonjwa ni mtindo mpya ulioletwa na ndege.

Ama vyombo vya seremala vya kuweka nyumbani, hivyo vilianza kuenea Uingereza katika karne ya 18. Wakati huo matabibu wa huko waliamini mno kupanda farasi kuwa ni dawa. Francis Fuller aliandika kitabu juu ya hayo mwaka 1705. Lakini mgonjwa asiyeweza kupanda farasi afanyeje? Basi wakabuni kile walichokiita farasi wa chumbani, nacho kikatangazwa magazetini huko London kwenye mwaka 1739 na 1740. Kilikuwa ni kiti chenye mikono miwili, na mahali pa kukalia pamefanywa kama mfuko mrefu wa ngozi. Ndani yake mna mbao nyembamba zilizopangwa kwa tabaka, na baina ya tabaka na tabaka mna springi za waya. Mtu hukaa juu, akashika ile mikono, akawa anajirusha juu na chini kama aliye juu ya mnyama anayetroti. Thomas Sheraton, fundi mashuhuri wa samani, alikichora katika kitabu chake cha mwaka 1793 pamoja na makabati na meza, maana kilikuwa kimekuwa ni samani ya nyumba ya watu wenye uwezo. John Wesley, mhubiri wa Kikristo aliyeanzisha madhehebu ya Methodisti, alikuwa nacho kimoja nyumbani kwake London.

Kizuri zaidi kwa maudhui yetu ni chombo cha mwaka 1796. Mtu mmoja wa London, Francis Lowndes, ambaye kazi yake ilikuwa ni kutibu watu kwa umeme, alipata hataza ya mashine aliyoiita Gymnasticon. Ilikuwa na vikanyagio viwili vya miguu chini, na vipini vya kuzungusha kwa mikono juu, vyote vimeunganishwa na magurudumu ya mbao. Aliikusudia kwa wenye jongo, wenye kupooza, na wale waliodhoofika kwa kukaa sana. Tazama ufundi ulivyo: kwa kuwa kiungo kimoja kimefungamana na kingine, mguu mzima huuchukua ule ulio mgonjwa, na mkono ulio na nguvu huubeba usio nazo. Tena mtu aweza kuchagua, akaendesha miguu peke yake au mikono peke yake. Lowndes mwenyewe alidai kwamba mfanya biashara aweza kukanyaga huku macho yake yako katika daftari la hesabu, na mwanachuoni huku anasoma. Leo tukiona katika chumba cha mazoezi baiskeli isiyokwenda popote, yenye vipini vinavyosogea pamoja na miguu, twadhani imezuliwa jana. Ina zaidi ya miaka mia mbili.

Hapa sina budi kutoka njiani kidogo, kwa sababu kuna chombo kimoja ambacho asili yake haikuwa ya rehema hata kidogo. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza, William Cubitt, alitengeneza gurudumu kubwa la kukanyaga kwa ajili ya jela ya Bury St Edmunds. Lilikuwa kama pipa refu lililolazwa, lina vidaraja kote kote. Wafungwa hupangwa safu, wakashika upau, wakawa wanapanda ngazi isiyo na mwisho saa baada ya saa. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Mahali pengine halikufanya lolote ila kuzunguka, na hilo ndilo lililokusudiwa. Mwandishi Oscar Wilde, alipohukumiwa mwaka 1895, naye alipitishwa juu yake. Adhabu hiyo iliondolewa Uingereza kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898.

Na sasa wazo hilo hilo, la kwenda bila kufika, ndilo lililo katika mashine ya kutembelea yenye mkanda unaozunguka. Mwaka 1952 huko Seattle, Marekani, daktari Robert Bruce na fundi Wayne Quinton waliitumia mashine ya namna hiyo kupimia mioyo ya wagonjwa. Baadaye ikaingia majumbani, na katika mahospitali ikafungiwa mikanda ya kumning'inizia mgonjwa, ili yule ambaye miguu yake haiwezi kuchukua uzito wake wote achukuliwe sehemu, akafundishwa kutembea upya. Chombo ni kile kile, na khitilafu iko katika ni nani aliyekiweka chini ya miguu yako na kwa nia gani. Mimi hulikumbuka hili kila nionapo mgonjwa amelazimishwa mazoezi kwa ukali na jamaa zake, kama kwamba kuugua kwake ni kosa alilolifanya.

Turudi njiani. Katika karne ya 19 bendera ya jambo hili ilishikwa na Waswidi. Pehr Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo huko Stockholm mwaka 1813. Njia yake ilikuwa ya mkono kwa mkono: mtaalamu hushika kiungo cha mgonjwa, akakisogeza, au akakizuia kidogo ili mgonjwa asukume. Njia nzuri, lakini kila mgonjwa ahitaji mtu, na pengine watu wawili, na mtu huchoka. Basi akaja daktari wa huko huko, Gustav Zander, akajiuliza: je, mkono wa mtaalamu hauwezi kufanywa kwa mbao na chuma? Mwaka 1865 alifungua nyumba yake ya tiba huko Stockholm ikiwa na mashine 27. Kila moja ilikuwa ya kiungo chake: ya kifundo cha mguu, ya kiwiko, ya mgongo. Siri yake ilikuwa ni mtaimbo wenye uzito unaosogezwa. Uzito ukiwa karibu, kazi ni nyepesi. Ukisogezwa mbali, kazi huzidi. Kwa hivyo mgonjwa wa leo huanza na alama ya kwanza, na wiki ijayo husogea alama ya pili, na daktari huandika. Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 yalimpa nishani. Nyumba za namna yake zikaenea Ulaya na Marekani, na huko Ujerumani, baada ya sheria ya bima ya ajali za kazini ya mwaka 1884, wafanyakazi waliovunjika viwandani walipelekwa kwenye mashine hizi ili warudi kazini.

Lakini kama ilivyo ada ya dunia, kilichofanywa kwa wagonjwa kikachukuliwa na matajiri. Meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye vyombo vya mtindo huu, na miongoni mwavyo alikuwamo farasi wa umeme na ngamia wa umeme, wa kuwatikisa abiria wa daraja la kwanza. Nimeiona picha. Sijui hata leo kama nicheke au nisikitike.

Huku nyuma upande wa kitanda nao ulikuwa na watetezi wake, tena wakubwa. Daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa mwaka 1863 kitabu cha kusifu mapumziko kuwa ndiyo dawa ya kiungo kilichoumia, na kitabu hicho kilisomwa vizazi kwa vizazi. Wala hakukosea kwa yote: mfupa uliovunjika wataka kutulizwa. Kosa ni kuwa mapumziko yalifanywa kanuni ya kila mtu. Mpaka katikati ya karne ya 20, aliyeugua moyo hulazwa chali wiki kadhaa, na aliyezaa hukatazwa kushuka kitandani siku nyingi.

Kilichoubomoa ukuta huo ni vita. Mwaka 1944 na 1945 mahospitali ya jeshi la Marekani yalijaa vijana wenye magoti yaliyopasuliwa, na vitanda havitoshi. Katika hospitali moja ya jeshi huko Chicago alikuwapo daktari kijana, Thomas DeLorme, ambaye utotoni aliugua homa ya baridi yabisi akalazwa, na baadaye akajijenga mwenyewe kwa kunyanyua vyuma. Akawafunga askari viatu vya chuma miguuni, akawaongezea uzito kidogo kidogo kila wiki. Wenzake waliogopa. Misuli ikarudi. Makala yake ilitoka mwaka 1945, na mwaka 1948 yeye na Arthur Watkins waliifupisha njia hiyo: mara kumi kwa nusu ya uzito ambao mtu aweza kuunyanyua mara kumi tu, kisha mara kumi kwa robo tatu yake, kisha mara kumi kwa uzito wenyewe. Vijana wetu wanaonyanyua vyuma vya saruji uani, kumi kumi mara tatu, hawajui kuwa wafuata kipimo kilichoandikiwa vilema wa vita.

Uingereza nako, Ludwig Guttmann, daktari wa Kiyahudi aliyekimbia udhalimu wa Ujerumani mwaka 1939, alikabidhiwa mwaka 1944 wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville. Hao walikuwa wakihesabiwa wafu. Vidonda vya kitandani na maradhi ya figo viliwamaliza. Yeye aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wafundishwe kujinyanyua kwa mikono, kisha wapewe michezo. Tarehe 29 Julai 1948 walishindana kwa mishale wagonjwa 16 wakiwa juu ya viti vya magurudumu, na kutoka hapo ndipo ilipozaliwa michezo ya olimpiki ya walemavu. Na mwaka 1947 daktari Richard Asher alitoa katika jarida la madaktari wa Uingereza makala fupi kali juu ya hatari za kulala kitandani, akihesabu kiungo baada ya kiungo yale ambayo kitanda hufanya: damu huganda miguuni, mifupa hupungua chokaa, misuli hunywea, ngozi huchubuka, hata akili huzubaa.

Polio ndiyo iliyoyaleta haya majumbani. Franklin D. Roosevelt alipatwa nayo Agosti 1921, umri wake miaka 39. Alikuwa tajiri, na kila chombo alichosikia alikijaribu. Katika nyumba ya mama yake huko Hyde Park ziliwekwa nguzo mbili sambamba bustanini, naye akawa anajivuta baina yake kila siku huku akizungumza na wageni. Akajipangia kutembea kwa magongo njia ya kutoka mlangoni mpaka barabara kuu, karibu robo maili, wala hakupata kuifika vizuri. Hakutaka viti vizito vya magurudumu vya wakati huo, vilivyokuwa kama viti vya enzi. Akaamuru kiti cha kawaida cha jikoni kikatwe miguu, kitiwe magurudumu madogo, kipite milangoni. Mwaka 1926 alinunua chemchemi za maji moto za Warm Springs, Georgia, akazifanya nyumba ya wenye polio. Akawa raisi wa Marekani mwaka 1933. Miguu yake haikurudi. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wauza vyombo hutuonyesha tu waliopona. Nguzo za Hyde Park zilimpa mabega na mikono ya kujihamisha kutoka kitini hadi kitandani bila ya kubebwa, na hicho si kitu kidogo kwa mtu mzima mwenye haya.

Sasa, wapi vyombo vya masikini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: hakuna. Likaanza kubadilika baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambapo mataifa yaliafikiana juu ya afya ya msingi, na Shirika la Afya Duniani likaanza kueneza mafunzo ya kumsaidia mlemavu pale pale kwao. Mwaka 1987 David Werner alitoa kitabu kikubwa chenye michoro, Disabled Village Children, kilichotokana na kazi ya kijiji cha Ajoya, Mexico, ambako wengi wa wafanyakazi walikuwa wenyewe walemavu. Humo mna nguzo za kujifunzia kutembea zilizochimbiwa ardhini kwa fito, mna viti vya kusimamishia watoto, mna magongo ya matawi. Jambo analolikariri ni kupima: chombo kizuri kwa mtoto huyu chaweza kumdhuru yule.

Kwetu pia watu hawakukaa bure. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na karakana yao ya Bombolulu, Mombasa, tangu mwaka 1969 imekuwa mahali ambapo walemavu hufanya kazi za mikono kwa ujira wao. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kikafunguliwa mwaka 1981 chuo cha TATCOT cha kufundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia viungo, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika.

Nimeahidi kueleza sababu yangu. Mwaka 1986 ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, alipigwa na kiharusi upande wa kulia. Alikuwa nahodha, mtu wa tanga na kamba tangu utoto. Hospitali ilimruhusu na karatasi yenye michoro ya mazoezi na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Sisi vijana wa nyumba tulijiona mafundi. Tukafunga roda katika boriti ya dari, tukapitisha kamba, upande mmoja akamate kwa mkono mzima, upande wa pili tukaufunga mkono mgonjwa kwa kitambaa. Akivuta huku, kule kwapanda. Ami alifurahi mno. "Kamba hizi nimezivuta miaka arobaini," alisema, "leo zanivuta mimi." Akawa anavuta asubuhi na jioni, nasi twahesabu kwa sauti.

Mwezi wa pili bega lile lilianza kumuuma, kisha likamuuma hata usiku. Tukamwambia, "Vumilia ami, ndiyo mazoezi." Yeye ni mtu wa kuvumilia, akavumilia. Ikafika hata akiguswa kanzu hupiga kelele, na hapo akachukia kila kitu, akageukia ukutani, akakataa hata kukalishwa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mtaalamu wa viungo, aliyekuja kumtazama mgonjwa wa nyumba ya pili. Alipoiona ile roda hakutukaripia. Alimwamkia ami kwa adabu, akamwomba ruhusa, akalishika bega kwa vidole viwili, kisha akasema, "Hii iteremsheni leo hii." Akatueleza kuwa bega la mwenye kiharusi limelegea, mfupa wake umeteremka, na kuuvuta mkono juu kwa kamba ni kuzisaga kano za ndani. Miaka baadaye nikapata kusoma kwamba mwaka 1990 Wamarekani walilipima jambo hili kwa wagonjwa 28. Katika waliovutwa kwa roda, asilimia 62 walipata maumivu ya bega. Katika waliosogezwa mkono taratibu na mtaalamu, asilimia 8. Sisi tulikuwa tumeyapata hayo kwa ami yetu, bila ya kuandika.

Badala ya roda, mama yule aliweka taulo juu ya meza, akauweka mkono mgonjwa juu yake, na ami akawa ausukuma mbele na kuurudisha kama apigaye pasi, mkono mzima ukisaidia. Kitanda akakitia vipande vinne vya mbao chini ya miguu, kikawa juu, ili kusimama kuwe kwepesi. Kila baada ya wiki mbili tukapunguza kipande chembamba. Kisha akamtaka fundi seremala wa mtaani alete boriti mbili za mikoko, laini, akazisimamishia uani kwa kipimo cha ami mwenyewe: mkono ukining'inia, upau ufike kwenye kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo. Wala hakumhesabia. Alimwuliza ataka nini. Ami alijibu kwamba ataka kwenda choo peke yake, na ataka kusujudu. La pili tulimkumbusha kwamba sheria imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi. Akatutazama kama twamfundisha bahari. "Nalijua," alisema. "Nimesema nataka."

La kwanza alilipata katika mwezi wa tano. La pili hakulipata sawasawa. Alikuwa akiweza kushuka juu ya mswala kwa kushika kigoda, na kunyanyuka mpaka ashikwe kwapa, na msikitini alikaa juu ya kiti mwisho wa safu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mambo haya, na yamesogea. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 222 wa kiharusi, ambao chombo chake kilikuwa ni glovu nene tu: huvishwa mkono mzima kwa wiki mbili karibu saa zote za kuamka, ili mgonjwa alazimike kuutumia ule dhaifu, na mkono huo ukafaidika kuliko wa wasiofanyiwa hivyo. Lakini hufaa kwa yule ambaye vidole vyake bado vyafunguka kidogo, si kwa kila mtu. Na mwaka 2015 ukatoka utafiti mkubwa, wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliotushangaza sisi wapenzi wa mazoezi: wale walionyanyuliwa kwa wingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kiharusi hawakupona vizuri kama wenzao waliokwenda taratibu zaidi. Kwa hivyo hata kuamka kuna kipimo na wakati wake, na atakayekujulisha ni mwenye elimu aliyemwona mgonjwa wako, si picha ya dukani wala mpwa aliyesoma mahali. Nami nilikuwa mpwa huyo.

Ami alifariki mwaka 1994. Boriti zake zilikuwa bado uani, na watoto wamezifanya pembea. Siku chache baada ya hitima mjane wa nyumba ya nyuma, aliyevunjika nyonga, alituma mjukuu wake kuziomba. Yeye ni mfupi. Fundi alikuja na msumeno, akampima bibi yule amesimama ameshika bega la mjukuu, akazikata zote mbili inchi nne, akazipiga msasa upya pale ambapo mkono wa kushoto wa ami ulikuwa umeacha alama.